Mtoto Akileta Vunjajungu Nyumbani

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, mtaa wa West Indies, Eldoret)



Akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha, asanteni kwa kufika. Najua mwenyekiti aliwaambia kwamba leo tutaongea juu ya kitabu cha akiba. Tutaongea, lakini baada ya chai. Kwanza tumalize hii kesi ya mdudu, maana nimeona wenyewe hamtaimaliza.

Kwa wale waliotoka mbali na hawajasikia, habari ni hii. Mtoto wa mwanachama mmoja alimshika vunjajungu kwenye sukuma wiki, akamweka kwenye chupa ya jemu, akamficha chini ya kitanda. Mama alipofagia akaiona chupa. Mdudu akatupwa nje, mtoto akachapwa, na jirani, naye ni mwanachama wa kikundi hichohicho, akasema hiyo nyumba imejiletea mkosi. Tangu siku hiyo wawili hao hawasalimiani, na mchango wa wiki mbili haujakusanywa kwa sababu mmoja ndiye mweka hazina na mwingine ndiye mwenye ufunguo wa sanduku. Sitataja majina. Wote wako hapa.

Sasa, mdudu mwenyewe ni nani? Mnamjua. Ni yule mrefu, wa kijani au wa kahawia kama jani kavu, mwenye kichwa cha pembetatu, anayesimama amekunja mikono ya mbele kama mtu anayesali. Hapa tuko watu wa lugha nyingi, na kila mmoja ana jina lake kwa lugha ya mama. Kwa Kiswahili ni vunjajungu, na jina hilo lenyewe ndilo linalotupa shida. Watu wa pwani tangu zamani waliamini kwamba ukimgusa mdudu huyu, chombo utakachoshika baadaye kitakuponyoka mkononi kivunjike. Kamusi za zamani za Kiswahili zimeiandika imani hiyo. Jungu ni chungu kikubwa cha udongo, na mnajua wenyewe chungu cha udongo kilivyo: mtoto akikishika vibaya kimeenda, awe amemgusa mdudu au hajamgusa. Siku hizi tunapikia sufuria. Hata mtoto akiwagusa vunjajungu kumi, sufuria haitavunjika.

Natania, lakini siwacheki wazee. Mara nyingi mwiko wa namna hii ulimzuia mtoto asichezee viumbe ovyo. Ubaya ni pale mwiko unapogeuka kuwa mashtaka juu ya jirani. Hapo si mila tena, ni ugomvi uliotafuta mdudu wa kusingizia.

Mjue pia kwamba watu wa nchi nyingine walimtazama mdudu huyuhuyu wakaona jambo tofauti kabisa. Wagiriki walimwita kwa neno lenye maana ya nabii au mwaguzi. Linnaeus, yule mtaalamu wa Sweden aliyevipa viumbe majina ya Kilatini, mwaka 1758 aliiita aina moja “religiosa”, yaani ya kidini, kwa sababu ya ile mikono. Basi pwani ni mvunja vyungu, Ulaya ni mcha Mungu. Mdudu mwenyewe hana habari. Amekunja mikono kwa sababu anangoja nzi.

Na je, ana sumu? Hili niliulizwa mlangoni na watu watatu kabla sijakaa. Hapana, vunjajungu hana sumu. Haumi kama siafu wala hadungi kama nyuki. Mikono yake ina miiba midogo kama meno ya msumeno, kwa hiyo ukimbana atakubana na wewe, na aliye mkubwa anaweza kukukwaruza kidogo. Unanawa mikono kwa sabuni, basi. Wakati mwingine mtu anamwona vunjajungu karibu na maji, na mnyoo mrefu mweusi, mwembamba kama unywele, unatoka tumboni mwake. Jambo hilo limewatisha watu wengi. Ule ni mnyoo wa wadudu. Unaishi ndani ya wadudu kama hawa na panzi, kisha unatoka ili kuingia majini. Haumwingii mtu, wala hakuna aliyemtumia mwenzake.

Nimezitembelea nyumba nyingi katika kazi yangu, na nimeona jambo moja kuhusu watoto wa mitaa yetu. Mtoto wa plot hana mahali pa kufuga. Mbwa landilodi hataki, paka anakula nyama ya jirani, sungura anahitaji kibanda na majani ya kununua. Lakini mtoto ana hamu ya kuwa na kiumbe chake ambacho kikikosa chakula ni juu yake. Hamu hiyo si upuuzi. Ni hiyohiyo itakayomfanya kesho alishe ng'ombe kwa wakati, au akeshe na mgonjwa. Kwa hiyo mtoto akija na vunjajungu, shauri langu ni hili: usimtupe nje. Mwambie, “Sawa, lakini huyu sasa ni mgeni wako. Akiwa na njaa, wewe ndiwe mwenye lawama.” Katekisimu yetu, ile iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 2418 inafundisha kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Mnaona? Haisemi tu juu ya mnyama. Inasema juu yetu.

Basi tuje kwenye matunzo. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu mdudu aliyefungwa chupani bila kutunzwa ni mateso tu, na afadhali angebaki kwenye sukuma.

Jambo la kwanza ni chombo chenyewe, na hili nalitaja kabla ya mengine kwa sababu ya usalama wa mtoto. Kisiwe chupa au mkebe uliowahi kuwa na dawa ya shamba. Hata ukiuosha mara saba. Nimeona watoto wakiokota chupa za dawa kando ya shamba la mahindi kwa kuwa zina vifuniko vizuri. Chupa hizo zitoboeni, ziondolewe mbali na watoto, zisitumike tena kwa chochote. Mtoto mpeni chupa ya jemu ile kubwa, au galoni safi ya plastiki ya mafuta ya kupikia iliyokatwa juu. Mdomoni usifunike kwa kifuniko cha bati. Funika kwa kipande cha neti au kitambaa chenye matundu, ukikaze kwa raba. Ndani weka vijiti viwili vitatu vya kusimama wima, na chini karatasi ya chooni au udongo mkavu kidogo.

Kwa nini neti? Kwa sababu vunjajungu hukua kwa kujivua ngozi, mara sita, saba, hata tisa, mpaka awe mkubwa. Siku ya kujivua huning'inia kichwa chini, akashika juu kwa miguu, halafu anatoka polepole ndani ya ngozi yake ya zamani kama mtu anayevua sweta lililombana. Akianguka wakati huo miguu inapinda, na mara nyingi hufa. Kwa hiyo anahitaji dari ya kushika, na chini yake nafasi ya wazi kama mara tatu ya urefu wa mwili wake. Chombo kifupi kinamuua bila mtu kujua sababu. Mtoto akiona mdudu amekataa chakula siku kadhaa na ananing'inia tu, asimguse, asitikise chupa, asiwaite watoto wa plot nzima waje kutazama. Kama kuna panzi amebaki ndani, amtoe, maana panzi anaweza kumtafuna vunjajungu akiwa bado laini. Baada ya kujivua amwache siku moja ndipo amlishe. Siku mtakapoona amepata mabawa kamili, mjue amefika utu uzima. Hatajivua tena.

Chakula chake ni wadudu walio hai. Majani hali, na hapo ndipo watoto wengi wanakosea: wanamjazia chupa nyasi kama mbuzi, mdudu anakufa njaa akiwa katikati ya majani. Mpeni nzi, nondo wadogo, panzi wadogo, mende mdogo. Mawindo yasizidi nusu ya mwili wake. Vunjajungu mchanga apewe wale vijinzi vya ndizi iliyoiva sana, kila siku au siku moja kwa nyingine. Mkubwa anatosheka na mawindo moja kila baada ya siku mbili au tatu. Mtazame tumbo: likiwa bapa ana njaa, likiwa nene ameshiba. Lakini nzi aliyepigwa dawa ya kupuliza, au panzi wa shamba lililopigwa dawa juzi, msimpe. Sumu itapita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine.

Maji hahitaji bakuli. Mtoto achovye vidole kwenye maji safi, anyunyizie ukuta wa chupa mara moja kwa siku, mdudu atalamba matone. Ukimwekea maji mengi, mchanga anazama.

Na Eldoret yetu hii ni baridi. Tuko juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mnajua Julai ilivyo. Usiku chupa isikae dirishani. Mchana nayo isiachwe kwenye jua kali, maana kioo kinashika joto na mdudu anaiva. Mahali pazuri ni kwenye rafu ndani ya nyumba, mbali na moshi wa jiko na mbali kabisa na dawa ya mbu, ile ya kuchoma na ile ya kupuliza. Vunjajungu ni mdudu, na dawa ya wadudu haimuulizi kama yeye ni rafiki.

Mmoja kwa chupa moja. Nasisitiza. Ukiweka wawili, asubuhi utakuta mmoja. Jike huweza kumla dume hata wakati wa kujamiiana, na wadogo waliozaliwa pamoja hulana bila haya. Msimweleze mtoto kwamba huo ni uovu. Ni njaa tu, na ndivyo walivyoumbwa.

Akishazoea, mtoto amwache apande mwenyewe mkononi. Asimkamate katikati kama kalamu. Halafu akae amtazame, kwa sababu hapo ndipo faida ilipo. Atamwona anageuza kichwa kumfuata. Wadudu wachache sana wanaweza kugeuza kichwa namna hiyo. Atahesabu macho: makubwa mawili, na madogo matatu katikati. Macho hayo yanaonekana meupe au ya kijani mchana, na usiku yanageuka meusi. Wengi wao wana sikio moja tu, liko chini ya kifua katikati ya miguu, na husikia mlio wa popo ambao mimi na wewe hatuusikii. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walitangaza jinsi walivyowabandikia vunjajungu miwani midogo kwa nta ya nyuki na kuwaonyesha picha kama za sinema, wakathibitisha kwamba mdudu huyu hupima umbali kwa kutumia macho mawili pamoja kama sisi. Na aina waliyoitumia ni ya hapa kwetu Afrika. Sasa mwambie mtoto anayekataa hesabu kwamba watu wazima wenye digrii wanalipwa kumvalisha mdudu miwani. Na hapa Kenya, Profesa Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha kuchunguza wadudu, ICIPE, kule Nairobi mwaka 1970, na mpaka leo wakulima wanapata msaada kutoka kazi yake.

Hapo nimefika kwenye shamba, na kwa vikundi vyenye bustani za mboga hili linawahusu moja kwa moja. Mnakumbuka mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walipoingia mahindi yetu. Tangu hapo hofu ya kiwavi imetufanya tuwe wepesi wa kubeba pampu. Mtu akiona tundu moja kwenye jani, anapiga dawa, bila glavu, bila kufunika mdomo, na kesho kutwa anavuna sukuma kuwapelekea wateja sokoni. Mtoto aliyemtunza vunjajungu wiki tatu amejua jambo ambalo wakubwa tumesahau, kwamba kuna wadudu wanaokula mboga na kuna wadudu wanaokula wadudu. Huyo atainama, atageuza jani, atatazama kwanza.

Lakini sitaki kuwadanganya. Vunjajungu peke yake hataokoa ekari ya mahindi. Hachagui: leo anakula kiwavi, kesho anamla nyuki aliyekuja kuchavusha maua ya maharagwe. Wanaowauzia watu habari kwamba mdudu mmoja anachukua nafasi ya kazi ya mkulima wanawapotosha. Ninachosema ni kwamba ukimwona shambani, ni dalili kwamba bado kuna uhai hapo, na ukipiga dawa bila sababu yeye na wenzake wanaokusaidia wanakwenda pamoja na kiwavi. Nao huchelewa kurudi kuliko kiwavi.

Kuna kijana aliyeniuliza kama wadudu hawa wana soko. Amesikia kuwa Ulaya na Marekani watu wanawafuga na kuwanunua kwa pesa nzuri. Ni kweli. Kuna vunjajungu wa Afrika Mashariki wenye umbo la ua ambao wafugaji wa ng'ambo huwatafuta sana. Lakini sikiliza ya mwaka 2025. Mwezi wa Aprili mwaka huo, vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Gilgil na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 ndani ya vichupa, waliokuwa wasafirishwe kuuzwa kwa watu wanaofuga sisimizi. Walishtakiwa mahakamani pamoja na Mkenya mmoja na raia wa Vietnam waliokamatwa katika kesi nyingine ya sisimizi. Mwezi wa Mei kila mmoja alitozwa faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miezi 12. Wengi walicheka, eti sisimizi! Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haikucheka. Kwa hiyo mtoto kumtunza mdudu mmoja na kumrudisha kwenye ua ni jambo moja. Kikundi kukusanya mifuko ya mayai kumpelekea mtu asiyejulikana ni jambo jingine kabisa, na mimi sitaki kuja kuwatembelea korokoroni. Anayetaka kuifanya biashara aende kwanza Shirika la Wanyamapori akaulize kibali.

Nichukue maswali mawili ya mwisho, chai inapoa.

Mama ameuliza, anakaa muda gani? Huyu hana maisha marefu. Kwa kawaida ni miezi, mara nyingi hafikishi mwaka, na ukimshika akiwa tayari na mabawa, zimebaki wiki kadhaa au miezi michache tu. Mtoto aambiwe mapema. Ningependa zaidi amtunze wiki chache kisha amwachilie palepale alipomtoa, jioni isiyo na mvua, kwenye kichaka kisichopigwa dawa. Akimfia kabla ya hapo, na akitaka kumzika nyuma ya choo na kuweka msalaba wa vijiti, mwacheni amzike. Msimcheke. Nimekaa na watoto waliofiwa na wazazi ambao hawakuweza kusema neno lolote juu ya kifo, mpaka walipofiwa na kifaranga.

Na baba pale ameuliza, ile kitu kama povu lililokauka kwenye kijiti cha ua, rangi ya udongo, ni nini? Huo ndio mfuko wake wa mayai. Jike huutoa ukiwa povu, kisha unakauka na kuwa mgumu, na ndani kuna mayai makumi kadhaa, kwa aina nyingine hata zaidi ya 100. Ukitagwa ndani ya chupa, funga kijiti hicho nje kwenye ua, mahali mvua haipigi sana, kwa sababu wakianguliwa chupani watamalizana. Nanyi mnaopunguza ua wa michongoma kabla ya mvua za Machi, mkiona mfuko kama huo kwenye tawi mlilokata, msilichome. Lichomekeni tena ndani ya ua. Mweka hazina na mwenye ufunguo, naomba mkae meza moja wakati wa chai, tutafungua sanduku pamoja.